Kifodi cha Waya, Mwanasesere Anayenata: Maswali ya Wasomaji

Toleo lililopita lilihusu wasanii wanaochukua vitu vya utotoni (magari ya waya, wanasesere, vizibo, katuni, nembo za timu) na kuvigeuza kazi za sanaa za mkono. Maswali mengi yaliyotufikia ni ya ufundi: nini kinashika, nini kinabanduka, nini kinaota ukungu. Tumeanza na la kifodi (basi dogo la abiria, kama daladala), na tumelipa nafasi kubwa, kwa sababu ndani yake yamo makosa ambayo karibu kila anayeshika waya huyafanya.

*Habari za kazi. Natengeneza vifodi vya waya kama vile tulivyokuwa tunasukuma utotoni, ila hivi ni vya kuweka mezani. Vyangu vinapinda, magurudumu yanayumba, na rangi inatoka kama ganda la kitunguu baada ya miezi miwili. Nakosea wapi? (Msomaji, Sakina, Arusha)*

Nzuri, kaka. Hayo ni matatizo matatu, na kila moja lina chanzo chake.

Kupinda kunaanzia kwenye waya wenyewe. Waya uliotoka kwenye roli unakumbuka mviringo wake, na ukiukata hivyo hivyo ukaunda bodi, utaendelea kuvuta kurudi ulikotoka hata baada ya kufungwa. Kata vipande vya mita 2, funga ncha moja kwenye nguzo, shika ncha ya pili kwa plaizi na uvute kwa uzito wa mwili mpaka uhisi waya umelegea kidogo mkononi. Hapo umenyooka na hautarudi. Usinyooshe kwa nyundo, maana kila pigo linaacha kona ndogo ambayo jicho litaiona ukishapaka rangi.

Pia usitumie waya wa unene mmoja kwa gari zima. Kwa kifodi chenye urefu wa sentimita 32, upana 12 na kimo 14 bila magurudumu (vipimo vinavyokaribia umbo la Hiace), chesisi iwe ya geji 10, yaani milimita 3.2, na mita moja na nusu inatosha. Bodi iwe ya geji 14, milimita 2, kiasi cha mita 6 pamoja na vya kuharibu. Viungo vyote vifungwe kwa bainding waya, ule wa kufungia nondo, mita 4. Kila kiungo kizungushe mara 5, kaza kwa plaizi, kata, kisha geuza ncha iingie ndani. Ncha zinazobaki nje ndizo zinazochana mikono ya wateja.

Anza na chesisi iliyokamilika na iliyokaa sawa juu ya meza. Ikiyumba kwenye meza, nyoosha hapo hapo, kwa sababu hakuna nguzo wala paa litakaloiponya baadaye. Kisha simamisha nguzo 8: nne za pembeni na mbili mbili katikati kila upande. Fuatisha mkanda wa katikati, unaozunguka gari lote kwenye sentimita 7 kutoka chini, kwani ndio unaotenganisha madirisha na bodi. Paa liwe la mwisho.

Tunaona wengi wanapeleka viungo kwa fundi wa kuchomelea. Tafadhali usifanye hivyo kwa waya uliopakwa zinki. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe, na anayeuvuta hupata homa na baridi ya mwili jioni ile ile. Hata usalama ukiwekwa kando, kiungo cha kufunga ndicho kinachoonyesha kazi ya mkono, na mnunuzi anakitafuta kwa macho.

Magurudumu sasa. Kandambili ni nyenzo nzuri sana, lakini ukiikata kwa kisu duara linakuwa na kona. Chukua kipande cha bomba la chuma la nchi 2, noa mdomo wake kwa tupa upande wa nje, weka kandambili juu ya gogo, gandamiza huku unazungusha. Utapata duara la karibu sentimita 5. Gundisha mawili pamoja kwa kila gurudumu, ukitumia gundi ya viatu: paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubane. Wanaobana ikiwa bado mbichi wanafungia tina (kiyeyusho cha gundi) ndani, na gurudumu linateleza kesho yake.

Kuyumba kunatokana na tundu. Mpira wa kandambili ni laini, kwa hiyo ekseli inapozunguka moja kwa moja ndani yake tundu linapanuka kila siku. Weka bushi: kata kipande cha mrija wa wino wa kalamu iliyokwisha, safisha, kisukume katikati ya gurudumu, na ekseli ya spoki ya baiskeli izunguke ndani ya mrija. Mrija ukibana, upanue kwa spoki iliyopashwa moto. Ushanga mkubwa mmoja kila upande wa gurudumu unafanya kazi ya washa (pete bapa ya bolti) na kuzuia lisisugue bodi.

Ama rangi, tatizo si rangi. Ni zinki iliyopakwa kwenye waya. Rangi ya mafuta ikikaa juu ya zinki mpya, mafuta yake yanaungana na zinki na kutengeneza tabaka jembamba la sabuni kati ya chuma na rangi. Mwanzoni rangi inaonekana imeshika vizuri; baada ya wiki kadhaa inateleza juu ya sabuni hiyo. Dawa yake: osha gari lote kwa sabuni ya vyombo, lisugue kwa siki ya kawaida mpaka mng'ao ufifie, suuza, kausha, paka praima (rangi ya kutangulia) inayoandikwa kwenye kopo kuwa ni ya mabati, halafu rangi yako. Bainding waya, kwa upande wake, hauna zinki. Ukiuacha bila rangi wala vanishi, masika ya kwanza utakuwa na kutu ya rangi ya chai kwenye kila kiungo. Wapo wanaoipenda kutu hiyo. Kama unaitaka, iache ije, kisha ifunge kwa vanishi.

Kwa bodi, kopo la soda la mililita 330 likipasuliwa linatoa kibati cha alumini cha takriban sentimita 20 kwa 9. Acha maandishi ya soda yaonekane nje, maana ndiyo picha za mtaani tulizokua nazo. Kunja kingo milimita 3 kwenda ndani kabla ya kufunga, la sivyo zinakata kama wembe. Na andika njia ya gari kwenye kioo cha mbele. Kifodi kisicho na "Ngaramtoni" au "Njiro" mbele yake ni gari lolote tu.

*Shikamoo. Nilinunua wanasesere wa mitumba soko la Memorial nikawapaka rangi ya mafuta ili niwavalishe kanga na shanga kama maharusi. Ilikuwa Machi. Mpaka leo rangi inanata, na mmoja ana madoa ya kijani masikioni nilipomtoboa hereni. (Mama wa Majengo, Moshi)*

Marahaba mama. Rangi hiyo haitakauka, hata ukisubiri mwaka. Kichwa cha mwanasesere laini kwa kawaida ni PVC, plastiki ngumu iliyolainishwa kwa kuchanganywa na vilainishi vya majimaji mazito. Vilainishi hivyo havikushikamana na plastiki. Vinatembea polepole kuja juu, na joto la Moshi linaviharakisha. Vikikutana na rangi ya mafuta vinaingia ndani yake na kuilainisha, ndiyo maana kidole kinaacha alama.

Kuitoa, usitumie tina wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha; vyote viwili vinakula plastiki yenyewe na uso utabaki na mabonde. Paka mafuta ya kupikia, acha saa moja, sugua kwa kitambaa, na kwenye macho na midomo tumia kijiti cha mbao. Rudia mpaka iishe. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha kausha kivulini siku 2. Sasa paka rangi ya akriliki ya wasanii, mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukauke kabla ya unaofuata. Malizia kwa vanishi ya akriliki inayochanganyika na maji, isiyong'aa.

Tukuambie ukweli: kunata kunaweza kurudi baada ya miaka, kwa sababu vilainishi havijaisha ndani. Unachoweza ni kupunguza kasi yake. Mwanasesere akae mbali na dirisha, afungwe kwa kitambaa cha pamba kisicho na rangi. Usimfunge kwa gazeti, kwani wino unaingia ndani ya PVC na hautoki tena, wala kwa mfuko wa nailoni.

Madoa ya kijani ni shaba. Wakusanyaji wa Barbie, mwanasesere aliyetoka Marekani mwaka 1959, wanayajua vizuri: pini ya hereni yenye shaba ikigusana na PVC kwa muda mrefu, shaba inaingia kwenye plastiki na kuipaka kijani. Kwa hiyo, mama, vidani vya waya wa shaba au shaba nyeupe visiguse ngozi ya mwanasesere hata siku moja. Tunga shanga kwa uzi wa nailoni au waya wa alumini. Doa lililokwishaingia ndani halioshiki. Lifunike kwa akriliki au kwa kilemba.

Jambo moja zaidi, na hili tunalisema kwa uzito. Usiwauze hawa kama vitu vya watoto kuchezea. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2005 sheria ya kudumu ya kuzuia baadhi ya vilainishi hivi kwenye vitu vya watoto, na Marekani ikafuata 2008. Wanasesere wa mitumba wengi hawana tarehe, na wengine ni wa kabla ya hapo. Watundike juu ukutani, uwaandike ni mapambo. Ukilazimika kupiga msasa, piga wa maji ili vumbi lisiruke.

*Wanafunzi wangu wamebandika vitu vya kuchezea vilivyovunjika kwenye hadibodi na kupaka yote rangi moja. Kila asubuhi tunakuta vingine sakafuni. Tumetumia supaglu na ile gundi ya bunduki. (Mwalimu, Boma Ng'ombe)*

Mwalimu, kabla ya kuchagua gundi jua plastiki. Katia kila aina ya plastiki kipande kidogo kisicho na hewa ndani na ukitie kwenye ndoo ya maji. Kinachoelea ni polithini au polipropilini: magari mengi ya plastiki laini, vifuniko, ndoo ndogo za mchangani. Kinachozama mara nyingi ni ABS, polistirini au PVC. Matofali ya LEGO, kwa mfano, yametengenezwa kwa ABS tangu 1963. Usitambue kwa kuchoma, hasa darasani, kwa sababu moshi wa PVC una asidi.

Vile vinavyoelea havishikwi na gundi za kawaida za dukani. Uso wake hauruhusu kitu kushikamana, na rangi pia itabanduka juu yake. Hivyo vifungwe: toboa matundu mawili ya milimita 2, pitisha waya mwembamba kwenye kitu na ubao, zungusha nyuma. Vikubwa vipigiwe skrubu kutoka nyuma, na washa yake. El Anatsui, msanii wa Ghana aliyezaliwa 1944 na kufanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, anaunganisha maelfu ya vifuniko vya chupa kwa kuvifunga waya wa shaba, na kazi zake zinaning'inia kwenye makumbusho makubwa ya dunia.

Vinavyozama vipige msasa namba 180 sehemu ya kugusana, kisha tumia gundi ya mirija miwili (epoksi), nusu kwa nusu. Supaglu ni ngumu lakini inavunjika kama kioo ubao ukitikiswa, na inaacha ukungu mweupe kwenye plastiki. Gundi ya bunduki inalainika kwa joto. Beba ubao ndani ya gari lililofungwa juani na utafika na mzigo wa vipande. Mkijaribu gundi ya mirija miwili miezi ya Juni na Julai, msikimbilie kuinua ubao, kwa kuwa baridi inachelewesha kukauka. Siku 2 ukiwa umelala.

Halafu hadibodi yenyewe. Ilimtosha Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu rangi haina uzito. Vitu vya kuchezea vina uzito, hadibodi inajipinda, na kila inapojipinda gundi inaachia. Tumieni plaiwudi ya milimita 12, mbao za nchi 2 kwa 1 kuzunguka nyuma, na mpake rangi pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja tu, upande wa pili unanyonya unyevu na ubao unakuwa upinde. Ubao wa sentimita 60 kwa 80 utundikwe kwa skrubu mbili zenye fischa (vishikizo vya plastiki vinavyoingia ukutani), si msumari mmoja.

*Naweza kuchonga wahusika wa katuni za nje na nembo za Simba na Yanga kwenye kandambili nikauzia watalii? (Kijana, Kijenge, Arusha)*

Kwa kuuza, unahitaji ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda michoro, pamoja na ya wageni kutoka nchi zenye mikataba na Tanzania, kwa maisha ya mwenyewe na miaka 50 baada ya kufa. Mhusika na nembo vinaweza pia kuwa alama za biashara zilizosajiliwa. Kubadilisha rangi au kukuza masikio hakukuondoi kwenye kosa. COSOTA wanashughulikia hakimiliki, BRELA alama za biashara; nenda uulize kabla ya kukata kandambili mia.

Lakini, kijana, unashindana na kiwanda kwa picha ambayo mtalii ameiona tangu azaliwe. Kombolela, rede, mdako, tiara, mtoto anayekimbiza ringi la baiskeli kwa kijiti: hakuna aliyevisajili, na hakuna kiwanda kinachovitengeneza. Chora wewe mwenyewe mtoto wa mdako akiwa amerusha kijiwe juu, na mchoro huo utakuwa na hakimiliki ya kwako tangu siku ulipoukamilisha.

*Nataka kutengeneza mpira wa chandimu wa kupamba. Mifuko ya Rambo haipatikani tena. Nikitumia matambara na kamba ya katani, kamba inalegea. (Dada, Kaloleni, Arusha)*

Mifuko hiyo ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mipira imebadilika nayo. Kwa mpira wa kipenyo cha sentimita 20, anza na tonge la matambara la sentimita 8 lililobanwa ndani ya soksi, kisha zungusha vipande vya fulana vya upana wa sentimita 4, kila mzunguko ukikata ule wa kabla. Bila shaka unalowesha katani ili iwe laini. Hapo ndipo kosa lilipo. Katani ikilowa inavimba na kufupika, na ikikauka inarudi urefu wake, ndipo inapolegea. Funga ikiwa kavu. Ukitaka ulaini, isugue kwanza kwenye ukingo wa meza. Fundo liwe kila inapokutana kamba na kamba, macho ya wavu yasizidi sentimita 3.

*Watoto wangu wa zamani walichezea wanasesere wa mgomba. Nawatengeneza tena, wajukuu wanaviuza, lakini vinaota ukungu. (Bibi wa Kibosho)*

Shikamoo bibi. Ukungu unatokea kwa sababu maganda ya shina yanaonekana makavu nje huku katikati yana maji. Chukua maganda yaliyokauka yakiwa bado kwenye shina, yapasue vipande vya upana wa sentimita 2, yaanike juani siku 4 au 5 na kuyaingiza ndani kila jioni kabla ya umande. Yakiwa tayari yanalia kama karatasi ukiyakunja. Kwa kuwa yakikauka hivyo yanavunjika, futa yale tu unayotumia dakika hiyo kwa kitambaa chenye siki, usiyaloweke kwenye beseni.

Ndani weka waya wa milimita 2, mwanasesere awe na kimo cha sentimita 25, na viringisha kuanzia miguuni kwenda juu ili kila ganda lifunike mwisho wa lililotangulia. Akimalizika, arudi juani siku nyingine 2. Usipake vanishi kabla ya hapo, maana unafungia unyevu ndani. Miezi ya ukungu huko Kibosho, Juni mpaka Agosti, ni bora utengeneze kwa maganda uliyokausha Februari.

Wajukuu wakipata mteja anayesafirisha mbali, wamfunge mwanasesere kwenye mfuko usiopitisha hewa na kumweka kwenye friza wiki moja, ili kuua wadudu na mayai yao. Akitoka wasimfungue papo hapo. Abaki ndani ya mfuko siku nzima mpaka apate joto la chumba, kwa sababu hewa ya nje ikimgusa akiwa bado baridi itamwachia matone juu ya maganda, na ukungu utaanza upya.